Shoga yangu, hiyo 32.8 tuiongee vizuri

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Kilichoniuma si hiyo 32.8 ya uwiano wa uzito na urefu (BMI) uliyoandikiwa kwenye kadi, ni kauli ya aliyekupima: "Acha uvivu, funga mdomo." Mtu amekwenda kutafuta tiba, anarudi na masimango! Nimekasirika, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Namba yenyewe ni hesabu tu. Kilo zako 84 zinagawanywa kwa urefu wako mara urefu, yaani 1.60 mara 1.60, ambayo ni 2.56. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka yake: kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Aliyeianzisha hesabu hiyo katika karne ya 19 ni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu na nyota. Alikuwa akichunguza maumbile ya watu kwa wingi wao, hakuwa akitafuta mgonjwa.

Ndiyo maana namba hiyo haijui mafuta yamekaa wapi. Mpime mchukuzi wa bandarini hapa Tanga, kilo 90, urefu mita 1.75: atapata 29.4, aambiwe amezidi, na tumbo lake bapa kabisa. Mwingine atapata 24 aambiwe yuko salama, kumbe ana kitambi, mafuta yamezunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani ndiyo mabaya zaidi, ndiyo yanayoleta kisukari na presha. Januari 2025 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilisema wazi katika jarida la tiba la Lancet Diabetes & Endocrinology kwamba uwiano huo peke yake hautoshi kumwita mtu mgonjwa; apimwe na kiuno, tena iangaliwe kama viungo vyake vimeanza kuathirika.

Basi azima futi kamba kwa fundi cherehani. Usipime pale unapofungia kanga. Papasa ubavuni upate mwisho wa mbavu, kisha upate juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kuzungushia. Toa pumzi kama kawaida, usilibane tumbo. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, kwako wewe sentimita 80, ni dalili ya kuchunguzwa zaidi.

Sasa hilo la uvivu. Wewe unaamka kabla ya adhana, unachoma vitumbua, unashinda umesimama, uvivu uko wapi? Unene huu ni maradhi ya muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani linautambua hivyo. Kuna kurithi, kuna usingizi mchache, kuna baadhi ya dawa, kuna vyakula vya sukari na mafuta vilivyojaa kila kona. Na mwili wenyewe unashindana nawe: mafuta yakipungua, homoni iitwayo leptini inashuka, njaa inapanda, na mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Halafu kwetu mwanamke akinenepa tunamsifu kuwa ndoa imemkubali, akienda kupimwa anatukanwa. Hakuna anayemuuliza magoti yanamuumaje.

Kwa hiyo rudi, uende kwa daktari mwingine. Omba upimwe presha, sukari kabla hujala chochote, na mafuta kwenye damu. Mwambie pia ule mkoromo anaoulalamikia shemeji, na kwamba unaamka umechoka. Huenda pumzi inakatika usingizini, na hilo lina tiba. Hizo chai za kukata tumbo zinazouzwa kwenye simu, tafadhali usinunue, hujui kilichomo. Wali wa nazi hujakatazwa; punguza kipimo, ongeza mchicha na samaki, soda iache kabisa. Wala usijitwishe lengo la kurudi kwenye kilo za usichana wako. Ukipunguza asilimia 5 tu, kama kilo 4 hivi, presha na sukari huanza kuwa nafuu.

Siku ya kwenda niambie nikusindikize; tukae wote kwa daktari, na kauli kama ile ikitoka tena nitaijibu mimi. Shemeji naye apimwe kiuno, asijifiche nyuma ya kanzu.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Chumbageni