Programu zikigoma baada ya kusafisha kompyuta, msikimbilie kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye stesheneri, wahasibu, makatibu muhtasi na mafundi wenzetu kuhusu jambo linalopoteza kazi za watu bila sababu. Mtu anaona kompyuta yake nzito. Anafungua programu ya kusafisha, inamwonyesha "makosa" mia sita, anabofya kitufe cha kutengeneza yote. Kesho yake programu ya uhasibu haifunguki, Word inadai iwekwe upya, printa haionekani. Anaipeleka kwa fundi, na fundi bila kuuliza swali hata moja anafomati, yaani anafuta diski yote, na kupiga (kuweka) Windows upya. Hesabu za mwaka mzima zimekwenda.

Mara nyingi hapakuwa na haja ya kufomati. Kilichoharibika hurudi, ili mradi hatua zifuatwe kwa mpangilio, na hatua ya kwanza ni kutengua kile ambacho programu ya kusafisha ilifanya kabla ya kuongeza kingine juu yake.

Kinachoharibika zaidi ni rejistri, yaani daftari ambamo Windows huandika kila programu iko wapi, inafungua mafaili ya aina gani na inategemea nini. Programu ya kusafisha hulipitia daftari hilo, na kila inapokuta mstari unaoelekeza kwenye faili isiloliona, inauita mstari huo taka. Kosa liko hapo. Faili linaweza kuwa kwenye diski ya nje iliyochomolewa asubuhi hiyo, au kwenye kompyuta nyingine ya ofisi iliyokuwa imezimwa. Programu za zamani za biti 32 zina tatizo la ziada zikiendeshwa kwenye Windows ya biti 64: zikiomba kuingia folda ya System32, Windows huzipeleka folda nyingine, SysWOW64, kimyakimya, kwa hiyo faili lililopo zinalitangaza kuwa halipo. Na faida inayopatikana ni ndogo mno. Mistari 500 ya rejistri ikifutwa haifikii ukubwa wa picha moja iliyopigwa kwa simu. Microsoft wenyewe wana sera iliyoandikwa kwamba hawaungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejistri.

Uharibifu wa pili ni wa folda iliyofichwa ya C:\Windows\Installer. Huwa imejaa mafaili ya .msi na .msp, wakati mwingine GB kadhaa, na mtu mwenye diski ndogo huitamani. Ndani yake mna nakala ambazo Windows huzitumia kurekebisha, kusasisha na kuondoa programu. Ikifutwa, leo huoni kitu. Baada ya miezi miwili Office inagoma kusasishwa, ukitaka kuiondoa inaomba CD ambayo hukuwahi kuwa nayo, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna siku palifanyika usafi.

Basi tatizo likitokea, acheni kwanza. Msiiendeshe tena programu ya kusafisha, msipakue chochote, msiweke programu mpya. Pigeni picha ya ujumbe wa kosa kwa simu, neno kwa neno, maana "inaleta error" haimsaidii fundi yeyote. Halafu nakilini data kwenye flashi au diski ya nje kabla ya kugusa kingine: faili la kampuni la QuickBooks (programu ya uhasibu) lenye mwisho wa .qbw, mafaili ya barua pepe za Outlook ya .pst, Desktop, Documents, na folda ya AppData iliyofichwa ndani ya jina la mtumiaji. Wengi huisahau hiyo ya mwisho, na ndimo programu nyingi zinamotunza mipangilio na hata kumbukumbu zake.

Sasa tafuteni nakala ya usalama ya programu ya kusafisha yenyewe. CCleaner, kwa mfano, kabla ya kugusa rejistri huuliza kama uhifadhi nakala, na aliyekubali atakuta kwenye Documents faili linaloanza na cc_ likifuatiwa na tarehe na saa, na kuishia na .reg. Bofyeni mara mbili, kubalini, washeni kompyuta upya. Mara nyingi kazi huishia hapo, dakika tano tu. Yakiwa mafaili kadhaa, anzeni na la karibuni zaidi kurudi nyuma. Kama programu ilikuwa ya kuondoa virusi na matangazo, tazameni karantini yake, yaani mahali inapofungia vitu inavyovishuku. AdwCleaner huweka vitu vyake katika folda ya C:\AdwCleaner, na kinga ya Windows ina orodha yake ndani ya "Protection history". Rudisheni kile tu mnachokijua asili yake. Faili lililotoka kwenye programu ya kukreki, yaani ya kuvunja leseni, liacheni huko huko.

Nakala isipokuwapo, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni rstrui, ambayo hufungua System Restore, yaani urejeshaji wa Windows kwenye hali ya tarehe ya nyuma, kisha chagueni tarehe ya kabla ya usafi. Hatua hii haigusi nyaraka zenu, ila programu zilizowekwa baada ya tarehe hiyo zitaondoka, na kabla ya kukubali mnaweza kuomba orodha yake. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 ulinzi huu huwa umezimwa, na wengine huzifuta wenyewe tarehe hizo za kurejea kwa kutafuta nafasi.

Ikiwa Windows yenyewe ndiyo inayoyumba, fungueni Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi, muandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza ndipo muandike:

sfc /scannow

Mpangilio huo una maana. Amri ya sfc hurekebisha mafaili kwa kuchukua nakala kutoka ghala la ndani la Windows, na DISM ndiyo inayolitengeneza ghala hilo. Ghala likiwa bovu, sfc itawaambia imekuta mafaili mabovu na imeshindwa kuyarekebisha. DISM inaweza kuganda kwenye asilimia ile ile kwa dakika nyingi; msiifunge. Hupakua mafaili kutoka Microsoft, kwa hiyo bando liwepo. Asiye na bando atumie ISO, yaani faili moja lenye diski nzima ya kuwekea Windows, ya toleo lile lile: aifungue kwa kubofya mara mbili, aone imepewa herufi gani, tuseme E, kisha mwisho wa amri ya DISM aongeze /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess. Ndani ya ISO kukiwa na install.esd badala ya install.wim, aandike esd mahali pote palipo na wim. Ile namba 1 ibadilishwe ilingane na aina ya Windows iliyopo, kama ni Home au Pro. Amri ya DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim itamwonyesha namba zote.

Tunalisisitiza hili kwa sababu hata mafundi hulichanganya: sfc hutengeneza mafaili ya Windows peke yake. Haimjui QuickBooks wala haiijui Office. Programu hizo hutengenezwa kwa njia zake. Andikeni appwiz.cpl kwenye kisanduku kile kile cha Windows na R, chagueni programu, bofyeni "Change" kisha "Repair". Kwa Office za karibuni kuna njia mbili: ya haraka isiyohitaji intaneti, na ya mtandaoni inayoiweka Office upya, ambayo hula bando sana lakini hufaulu pale ya kwanza iliposhindwa. Ikiomba faili la .msi lililofutwa, tafuteni kisakinishi cha toleo lile lile, si jipya zaidi.

Ujumbe ukitaja vcruntime140.dll au msvcp140.dll kwamba halipo, kilichokosekana ni kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft, ambacho programu nyingi hukitegemea ili zifunguke. Pakueni vyote viwili, x86 (biti 32) na x64 (biti 64), kutoka kwa Microsoft. Msichukue faili moja la .dll kwenye tovuti za ovyo mkalitupia System32. La biti 32 likikaa pahali pa la biti 64, mtapata kosa jingine la 0xc000007b, na pengine virusi juu yake.

Kuna hali inayotisha kuliko ukubwa wake: kila programu unayobofya inauliza ifunguliwe kwa kutumia nini. Hapo mafaili yote ni mazima, kilichoharibika ni mstari wa rejistri unaosema .exe ni kitu gani. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja ili kufungua Task Manager, na kama inakubali, mwanzishe cmd (ndiyo Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi. Andikeni assoc .exe=exefile, kisha ftype exefile="%1" %* pamoja na alama zake zote. Task Manager isipokubali kufunguka, rudini kwenye rstrui kwa njia ya menyu ya urejeshaji: shikeni Shift huku mkibofya Restart.

Kwa mafundi wenzetu tuna onyo moja. Ule ushauri wa zamani wa kunakili rejistri kutoka folda ya RegBack, ambamo Windows ilikuwa ikiweka nakala yake ya akiba, kwenda System32\config msiutumie kwa mazoea. Tangu Windows 10 toleo la 1803, RegBack haijazwi yenyewe. Majina ya mafaili mtayakuta, ukubwa wake sifuri. Ukiyanakili juu ya yaliyopo umefuta rejistri nzima ya mteja. Angalieni ukubwa kwanza.

Yote yakishindikana bado kufomati si zamu yake. Chukueni ISO au flashi ya GB 8 yenye Windows ya toleo, lugha na aina ile ile, ifungueni mkiwa ndani ya Windows inayofanya kazi, endesheni setup.exe, mchague kubaki na mafaili na programu. Mkiiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, chaguo la kubaki na programu halitapatikana. Hapo ndipo wengi hupotea njia.

Programu hizi za kusafisha zinazopita kwa flashi kutoka duka hadi duka zina hatari nyingine. Agosti 2017 hata toleo la 5.33 la CCleaner lilitoka kwenye seva za watengenezaji wenyewe likiwa limepandikizwa virusi, na Avast, wamiliki wake, walisema kompyuta zipatazo milioni 2.27 zilikuwa nalo. Nakala isiyojulikana ilikotoka itaaminiwaje?

Anayetaka nafasi atumie "Disk Cleanup" ya Windows yenyewe, ila asome kila kisanduku kabla ya kukitia tiki. Windows 10 toleo la 1809 iliweka folda ya Downloads katika orodha hiyo, na watu wakafuta nyaraka zao kwa mikono yao. Na anayelalamikia uzito, aangalie kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240 itamfaa kuliko programu yoyote ya kusafisha, na ile diski ya zamani aihifadhi kabatini kama ilivyo, bila kuifuta, mpaka ahakikishe kila programu inafunguka kwenye mpya.

Ni sisi mafundi wa kompyuta,
Dar es Salaam