Wedding Cake haina sukari

Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu bangi zinazouzwa kwa majina ya keki na aiskrimu imegusa jambo ambalo wengi hulikwepa, na kwa hilo nashukuru. Hata hivyo, imeteleza pale iliposema kwamba aina iitwayo Wedding Cake hupatikana kwa kunyunyizia maua ya bangi sukari na vanila ili kuwavuta vijana. Ninaishi Oakland, California, na nimeajiriwa katika duka lenye leseni ambako maua hayo huuzwa kila siku. Hayatiwi sukari hata chembe.

Kinachomponza mtu ni macho. Ukilisogeza ua la Wedding Cake kwenye mwanga utaona limefunikwa na weupe mithili ya sukari ya unga iliyochekechwa juu ya keki, na ukiligusa, vidole hunata. Weupe huo ni vinyweleo vya mmea wenyewe, vingi vikiwa na kichwa kidogo chenye utomvu, na humo ndimo zinamotengenezwa THC, yaani kile kinacholewesha, pamoja na mafuta yanayotoa harufu. Baadhi ya maua yana michirizi ya zambarau ambayo hukolea zaidi usiku ukiwa wa baridi. Hiyo nayo wapo wanaodhani imepakwa.

Utamu wote unaosifiwa umo puani. Chupa ikifunguliwa, kwanza hutoka harufu ya vanila na ya kinyunga cha keki, kisha ya maganda ya limau, na mwishoni huja ukali wa pilipili manga ambao huwafanya wateja wageni warudishe kichwa nyuma. Ukali huo hutokana na kariofilini, mojawapo ya mafuta hayo ya harufu, ambayo imo pia katika karafuu, kwa hiyo msomaji wa Pemba huenda anaifahamu vizuri kuliko wakulima wetu wa huku. Limonini ndiyo inayoleta ulimau, nayo linalooli, iliyomo hata katika mrehani, huleta ulaini wa maua. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba tofauti za harufu kati ya aina na aina huletwa kwa sehemu kubwa na viambata vingine, visivyo vya jamii ya mafuta haya, vilivyomo kwa kiasi kidogo mno. Ukilitafuna ua lenyewe utaonja uchungu wa majani tu, na wala halitakulewesha sana, kwa sababu THC yake huwa bado katika hali ya asidi mpaka ipate moto.

Kuhusu ukoo, Wedding Cake hutajwa kuwa ni uzao wa aina mbili za bangi, Triangle Kush na Animal Mints, nayo ilipochanganywa na aina nyingine, Gelato 33, ikapatikana Ice Cream Cake. Lakini jina pekee si dhamana, kwani chupa mbili za wakulima wawili, zenye jina lilelile, zinaweza kutofautiana kwa harufu na kwa nguvu.

Kuhusu nguvu hiyo makala ilikuwa kimya, na kwangu mimi ndilo jambo zito kuliko yote. THC haina harufu. Bangi inayonukia kitindamlo haiwi nyepesi kwa sababu hiyo, na mara nyingi ni kinyume chake: bangi iliyokamatwa na vyombo vya dola vya Marekani ilikuwa na wastani wa takriban asilimia 4 ya THC mwaka 1995 na takriban asilimia 12 mwaka 2014, ilhali lebo nyingi za Wedding Cake ninazozishika kazini husoma zaidi ya asilimia 20.

Zipo pia keki halisi zilizotiwa bangi, na hizo ndizo zenye sukari, ila hatari yake ni ya namna nyingine. Bangi inayoliwa inaweza kuchukua kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya kupanda kichwani, na katika muda huo mtu asiyejua huona haijafanya kazi, akaongeza kipande cha pili. Ndiyo maana sheria ya California imeweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa kipande na 100 kwa pakiti. Mtoto akiikuta mezani, hana namna ya kuitofautisha na keki ya kawaida, ilhali ua kavu halimvutii kulila.

Bangi ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, kwa hiyo mzazi wa huko hana lebo ya kusoma na hutegemea maelezo ya magazeti. Akiambiwa atafute maua yaliyopakwa sukari, atayapita yale yenyewe bila kuyatambua. Naomba basi makala itakayofuata itenganishe ua linalovutwa na chakula kilichotiwa bangi, na kila inapotaja aina yenye jina la keki, itaje pia kiwango chake cha THC.

Msomaji wako,
Oakland, California