Roketi iliyoangukia kabichi

Athmani sahibu yangu,

Salaam aleikum. Huku sijambo, ila baridi ndiyo imeanza kunibana. Mama hajambo? Mpe salamu nyingi, mwambie achari yake ya embe imefika salama, baada ya kuigombania kwenye mizani ya uwanja wa ndege.

Jumamosi nilikwenda Auburn, mji mdogo unaopakana na hapa Worcester, Marekani. Niliambiwa ndiko iliporushwa roketi ya kwanza duniani iliyokwenda kwa mafuta ya kumiminika badala ya baruti. Nikatarajia geti, tiketi, angalau kibanda cha fulana. Wapi! Ni uwanja wa gofu. Kwenye majani kuna nguzo ya jiwe yenye jina la Robert Goddard, aliyeiunda roketi hiyo, na tarehe, 16 Machi 1926. Chama cha wanaroketi wa Marekani kiliisimamisha mwaka 1960, na 1966 serikali ikapaorodhesha mahali hapo katika kumbukumbu za historia ya taifa. Mzee mmoja alikuwa ananingoja nisogee apige mpira wake. Nikasogea.

Enzi hizo palikuwa shamba la Bi Effie Ward, jamaa yake Goddard. Goddard mwenyewe alisomesha fizikia Chuo Kikuu cha Clark, hapa hapa Worcester. Siku hiyo theluji ilikuwa chini, na watu walikuwa wanne tu: yeye, mkewe Esther, fundi Henry Sachs, na mwalimu mwenziwe Percy Roope. Chombo chenyewe ungekicheka. Vyuma vyembamba kama fremu ya kitanda, mtambo wa kuchomea mafuta uko juu kabisa, na matangi ya petroli na ya oksijeni iliyopozwa hata ikawa maji yako chini, yakikokotwa kama mkokoteni nyuma ya punda. Alidhani kikivutwa hivyo hakitayumba. Baadaye aliona haisaidii kitu, akauteremsha mtambo chini.

Sachs akawasha kwa moto uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Mtambo ukanguruma, chombo kikagoma kuondoka. Esther alikuwa anapiga filamu, na kamera yake ilikuwa ya kutia ufunguo, ikienda sekunde saba tu. Zikaisha. Ndipo roketi ikapaa! Safari nzima sekunde 2.5, kimo cha mita 12 na kitu, ikaangukia kwenye kabichi mita 56 kutoka pale. Ule mnazi wa nyuma ya nyumba yenu unaishinda.

Ile picha maarufu, Goddard kavaa koti zito kando ya fremu, ilipigwa kabla haijaruka. Ya kuruka kwenyewe haipo. Nilikaa kwenye gari nikimfikiria yule mama na kamera iliyokwisha ufunguo mkononi.

Halafu nikakumbuka Ngomeni, kule pwani yetu ya Kenya karibu na Malindi. Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana juu ya yale majukwaa ya Waitaliano baharini, wewe ukishikilia ni ya kuchimba mafuta? Kumbe 12 Desemba 1970 palirushwa pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Kenya kusherehekea uhuru wake, Wamarekani wenye setilaiti wakaiita Uhuru. Neno letu, bwana, liko kwenye vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima! Mahali penyewe palichaguliwa kwa kuwa ni jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia ndio wenye kasi zaidi, basi roketi hupata msukumo wa bure. Uhuru ikaleta orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo. Sisi tulikuwa tukipita na ngalawa tukitazama kutu.

Sasa nina ombi. Ukienda Ngomeni kwa mjomba, mwambie akusogeze na mashua karibu na majukwaa, unipigie picha mbili tatu. Na utie simu chaji kabla ya kutoka nyumbani, yasikukute ya Esther.

Nduguyo,
Bakari