Mwongozaji akitoka kivyake, tusikimbilie kuuliza wamegombana nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna kurasa za burudani zinavyoandika habari za watengeneza filamu wanaoachana kikazi. Kila mara wawili waliozoeleka pamoja wanapotengana na mmoja wao kutoa filamu yake, tunaulizwa mambo mawili tu: wamegombana nini, na nani kati yao ndiye aliyekuwa na kipaji. Mimi ni mhariri wa filamu, na kwa jinsi nilivyowaona washirika wa aina hiyo wakifanya kazi, naona maswali hayo yanalipita kando jambo lenyewe.

Mfano ulio wazi ni wa ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen, wazaliwa wa Minnesota. Filamu yao ya kwanza, Blood Simple, ilitoka mwaka 1984, baada ya wao kupiga kwanza kipande kifupi cha matangazo na kuzunguka nacho kwa watu wenye uwezo, wakiwaonyesha na kuwaomba waingize fedha. Kuanzia hapo hadi mwaka 2018 waliandika na kuongoza kwa pamoja, na filamu zao nyingi wakazihariri wenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa kanuni za chama cha waongozaji cha huko hazikuruhusu kirahisi majina mawili kwenye nafasi moja, Joel ndiye aliyeandikwa mwongozaji na Ethan mtayarishaji, na ni mwaka 2004 tu ndipo walipoanza kuandikwa wote wawili. Aliyeyasoma majina hayo kwa miaka 20 angeapa kwamba mmoja ni msanii na mwenzake ni mshika fedha. Kwenye uhariri walifanya kituko zaidi: walibuni mtu, Roderick Jaynes, wakamwandika kuwa ndiye mhariri wao, na mtu huyo asiyekuwepo akateuliwa mara mbili kuwania tuzo ya Oscar. Sisi wahariri, ambao huwa hatukumbukwi hata tukiwa hai, habari hiyo hutuchekesha na kutuuma kidogo.

Mwaka 2021 Joel alitoa The Tragedy of Macbeth bila ndugu yake, ikasemwa kwamba ametoka peke yake. Peke yake vipi? Muziki ulitungwa na Carter Burwell, aliyekuwa nao tangu filamu ya kwanza. Mke wa Joel, Frances McDormand, alikuwa mtayarishaji na pia mwigizaji. Kwenye nafasi ya uhariri, pamoja na Lucian Johnston, liliandikwa jina la Reginald Jaynes, ukoo uleule wa kubuni, safari hii ukiwa na mtu mpya. Ethan naye, aliporudi kazini, alitoa mwaka 2024 Drive-Away Dolls aliyoiandika na mkewe, Tricia Cooke, ambaye alikuwa ameshiriki kuhariri kazi za ndugu hao miaka mingi kabla. Wachambuzi waliziweka filamu hizo mbili kwenye mizani na kuamua kwamba uzito ulikuwa wa Joel na mzaha ulikuwa wa Ethan. Siamini hesabu hiyo.

Nimewahi kuhariri kazi ya washirika wawili hapa Dar es Salaam. Mmoja alikuwa msemaji, akitaka sini ya msiba irefushwe mpaka mtazamaji alie. Mwenzake alikaa nyuma yangu kimya, akigonga meza kwa kidole pale alipotaka picha ikatwe, na mara nyingi tuliikata palepale. Ukiniuliza sini ile ni ya nani, sina jibu, na wao pia hawana.

Walipoachana, hapakuwa na ugomvi wowote wa kuandikwa gazetini. Kilichowakwamisha ni kwamba diski ya picha ghafi ilikuwa nyumbani kwa mmoja, nywila ya chaneli ya YouTube ilikuwa kwa mwingine, na muswada wa sehemu ya pili, walioumaliza pamoja, haukuwa na hata karatasi moja inayoeleza mmoja akitaka kuupiga mwenzake atalipwa nini. Muswada huo haujapigwa mpaka leo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, andiko la watu wawili hulindwa mpaka miaka 50 baada ya kifo cha yule atakayekufa mwisho, kwa hiyo makubaliano ambayo hayakuandikwa leo yanaweza kuja kugombewa na wajukuu wao, ambao pengine filamu yenyewe hawataijua.

Nawaomba waandishi wako, Mhariri, watakapomhoji mwongozaji mwingine anayetoka kivyake, wamuulize amebaki na haki gani katika kazi za zamani, mwenzake ameandikwa wapi, picha ghafi ziko kwa nani, na mapato ya filamu zinazoendelea kutazamwa yanagawanywaje. Majibu yake yatawafaa vijana wanaoanza leo kupiga filamu wawili wawili kwa kamera ya kuazima, wakiwa wameelewana kwa mdomo tu.

Mhariri wa filamu,
Kinondoni, Dar es Salaam