Kipimo cha mlango wa kizazi kitufuate huku mitaani, hata Jumapili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotuhusu sisi wanawake wa mitaa mipya ya Tabora. Mi ni mama lishe huku Ipuli, saa kumi alfajiri nishawasha jiko na kufunga ni saa mbili usiku. Mji umekua jamani. Sensa ya 2012 manispaa yetu ilikuwa na watu laki 2 na ushei, ya 2022 ikavuka laki 3, na palipokuwa mashamba ya karanga juzi juzi tu leo ni vyumba vya kupanga, mabinti wanatoka Sikonge, wanatoka Urambo, wanakuja kutafuta maisha na wengi hapa hawana shangazi wala dada wa kuwaambia mambo ya mwili.

Mwaka jana nimemzika mwenzangu tuliyekuwa tunapika pamoja. Alianza kutoka damu kila akikutana na mumewe, akasema ni sindano za uzazi wa mpango, yakaja maji maji yenye harufu akanunua vidonge duka la dawa, hivyo hivyo mpaka kiuno kikamshinda ndo akapelekwa Mwanza, wakakuta kansa ya mlango wa kizazi imeshasambaa. Na msibani watu wakanong'ona eti alikuwa mtu wa wanaume. Maneno yale yaliniuma kuliko kilio chenyewe. Kansa hii inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, kinapita ngozi kwa ngozi kwenye tendo la ndoa, kondomu inapunguza ila haizuii yote, wanawake wengi tunakipata wakati fulani na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka au miwili. Shida ni kile kinachogoma kutoka, kinakaa kimya miaka 10, hata 15, kwahiyo hata aliyeolewa na bwana mmoja tangu usichana kinaweza kumkuta. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI hatari ya kansa hii ni kama mara 6.

Baada ya kuzika nikaenda kupima. Mara ya kwanza naambiwa nesi anayepima yuko semina, mara ya pili foleni mpaka saa saba nikaondoka maana wateja wa mchana walikuwa wananisubiri, ya tatu ndo nikafanikiwa. Kumbe kipimo chenyewe ni kidogo hivyo! Unalala, nesi anaingiza chombo, anawasha taa, anapaka siki kwa pamba, mnasubiri kama dakika moja hivi anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Kwangu ikaonekana, ndogo tu, haijawa kansa, wakaichoma siku hiyo hiyo kwa kifaa cha joto, tumbo likanisokota kama la hedhi, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu na sikutoa hata mia. Nililia njia nzima nikimuwaza mwenzangu.

Watoto wetu wa kike wana bahati, chanjo ya kirusi hiki ipo nchi nzima tangu 2018, na kuanzia 2024 ni sindano moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14. Wazazi wanaoambizana kwamba inafunga kizazi nawaomba sana waache, kinachofunga kizazi ni kansa yenyewe.

Ila sisi wa miaka 30 kwenda juu chanjo hiyo haikutukuta, tegemeo letu ni kipimo, na kipimo kiko saa za kazi, mjini, siku ambayo ukifunga banda watoto hawali. Naomba manispaa watuletee nesi na vifaa Jumapili mchana, hata mara moja kwa miezi mitatu, wazunguke Ipuli, Malolo na mitaa mingine ya pembeni. Matangazo wasiyaache kwenye mbao za ofisi, wapitishe gari la spika jioni tukiwa majumbani. Kupimia watafute chumba chenye mlango unaofungika, ofisi ya mtaa au darasa, wanawake hawatavua nguo nyuma ya pazia. Pa kusubiria nitatoa mimi, nina mabenchi sita na chai nitapika.

Mama lishe,
Ipuli, Tabora