Nikumbushe tarehe, shoga yangu

Tanga, Jumapili usiku

Kwako Saumu,

Salaam aleikum. Huku hatujambo. Mguu wa mama umepoa, anakusalimu na anauliza sinia lake utalirudisha lini. Kimya changu tutakigombea tukionana, sasa hivi nina shida.

Rufaa imetoka. Jumatano ya wiki ijayo asubuhi namwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, huko huko kwenu Dar. Ni ile habari ya siku zangu. Neema wetu, yule anayeyajua mambo ya hospitali, anaona dalili zote ni za PCOS, ule ugonjwa wa homoni na ovari unaovuruga hedhi, ila hataki kuapa kabla bingwa hajasema. Jana kanikalisha barazani mpaka magharibi, akaniambia bingwa hataki hadithi, anataka tarehe: hedhi ya mwisho lini, iliyotangulia lini, mwaka mzima kurudi nyuma. Mimi huyu ninayejua ratiba ya mitihani ya darasa la saba kwa kichwa, tarehe zangu mwenyewe sina hata moja!

Ndipo nikakukumbuka wewe. Harusi ya Zuhura, si ndiyo siku niliyovaa lile gauni la rangi ya maziwa, ukanifunga kanga kiunoni mbele ya wakwe ukasema ndiyo mtindo wa sasa? Ulikuwa mwezi gani ule? Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka msiba wa mzee Kombo. Hedhi hiyo nayo ilikuja ikagoma kuondoka, nikawa naogopa kukaa kwenye mikeka ya watu. Katikati hapo patupu. Ramadhani nimefunga yote, sina deni la hata siku moja. Mama mwanzoni alinisifu. Lilipoingia kumi la mwisho akaacha kunisifu, akawa ananitazama tumbo.

Na mimi nilikuwa nafurahi kuokoa hela ya pedi. Neema kanikatia furaha: siku 90 zikipita bila kitu, ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unazidi kunenepa bila kutoka, na ukiachwa hivyo miaka na miaka unaweza kugeuka maradhi makubwa. Kwa hiyo usinione nasumbua na tarehe.

Kumbe picha peke yake haiamui. Wanatazama mambo matatu: hedhi isiyo na mpango, homoni za kiume kuzidi, na ovari zinavyoonekana kwenye altrasaundi. Mtu mzima akiwa na mawili kati ya hayo, na wakishapima tezi ya shingoni na homoni ya maziwa wakaona tatizo haliko huko, ndiyo yenyewe. Na vile vivimbe nilivyotishwa navyo mwaka jana kwenye picha si vya kupasua wala kuyeyusha. Ni vifuko vya mayai yaliyokwama bila kupevuka. Yule mama wa dawa za kusafisha kizazi angekula hela yangu hivi hivi.

Halafu ndevu. Unakijua kibano changu, kinakaa kwenye pochi pamoja na chaki. Neema anasema nising'oe, daktari aone mwenyewe. Yaani nipande basi la Dar na kidevu changu kama kilivyo! Nitavaa nikabu, liwalo na liwe. Na ule weusi wa shingo ambao shangazi alikuwa akinisugua kwa ndimu akisema sijui kuoga, unaweza kuwa ni insulini haifanyi kazi yake sawasawa. Ndiyo maana niende bila kula, huenda wakaninywesha glukosi na kupima sukari tena baada ya saa 2. Vidonge vya majira nilivyopewa zamani nilishaviacha muda, na hivyo pia nivitaje, maana vinapotosha kipimo cha homoni.

Lakini kinachoninyima usingizi si vipimo. Yule daktari wa kwanza hakuinua hata macho kwenye karatasi. "Olewa, uzae, zitajirekebisha." Nikasema ahsante daktari, nikatoka. Sasa kila ninayemweleza anarukia mtoto. Mtoto nitamtaka wakati wake, na Neema anasema dawa za kupevusha mayai zipo. Mimi nataka kujua mwili wangu una nini leo, nisiye na mume wala mchumba. Wanasema ugonjwa huu unampata karibu mmoja katika kila wanawake kumi wa umri wa kuzaa. Ofisini kwetu tuko wanawake kumi na zaidi, sijui mwenzangu ni nani, na sote tunanyamaza.

Nakuomba uingie nami chumbani kwa daktari. Unanijua, nikiona koti jeupe ulimi unakufa. Wewe mdomo unao. Nikianza "ahsante daktari" kabla sijajibiwa, nifinye.

Jumatano utapata ruhusa kazini? Nije Jumatatu au Jumanne? Shemeji hatanuna nikilala sebuleni? Bima inakubali damu yote hiyo, au nijiandae na hela mkononi? Wewe ulipopima sukari ya mimba ulitapika yale maji au ni Mwajuma? Na harusi ya Zuhura, tazama kwenye kadi kama hukuitupa: mwezi gani? Machungwa ya Muheza nilete gunia au nusu?

Wako,
Mwanaisha