Kwa binti wa sweta ya kijani, stendi ya Nanenane

Binti yangu, jina lako sikuliuliza. Jumamosi ile hapa Dodoma, mwanangu wa miaka 14 aliyekuwa akiuza zabibu aliitiwa mwizi wa simu. Watu walishaokota mawe. Wengine, inauma kusema, walikuwa wanarekodi. Nimeambiwa wewe ulimkumbatia ukasema, "Pigeni 112 polisi waje. Mkimpiga, mnanipiga na mimi." Vijana watatu wakaja kusimama nawe, mawe yakaachwa moja moja. Simu ilikutwa chini ya kiti cha basi.

Nilipofika sikuwa na sauti, nikakushika mkono tu. Ahsante sana, mwanangu. Ndoo yako ya zabibu nimeiweka, nakusubiri palepale getini.